Windows ya Zamani au Mpya? Tazama Tarehe ya Mwisho

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha matunzo ya kawaida ya Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015 na ambao hadi siku hiyo ulikuwa bado unaendesha mamia ya mamilioni ya kompyuta duniani. Kesho yake kompyuta hizo ziliwaka kama kawaida. Barua ziliandikwa, nyimbo zilipigwa, printa zilitoa karatasi. Kwa kuwa hakuna kilichozimika, watumiaji wengi hawakuona sababu ya kushtuka, na kwa mafundi swali likabaki lilelile la miaka yote: nibaki na mfumo nilionao au unipigie Windows mpya? Majibu huwa ya kambi mbili. Kambi moja ina imani kwamba kilichotoka mwisho ndicho bora, na anayebaki nyuma ni mvivu au hana hela. Kambi ya pili inaapa kwamba Windows 7 haijapata mfano, na kwamba yote yaliyofuata ni mapambo ya kuifanya mashine iwe nzito. Kambi zote mbili zinapima kwa kipimo kimoja, yaani mwaka ambao mfumo ulizaliwa, na kipimo hicho kinapotosha. Kwa mtu wa kawaida maswali ya maana ni mawili tu: je, mfumo huu bado una anayeutunza, na je, kompyuta yangu inaumudu?

Historia yenyewe haiungi mkono kambi yoyote. Windows XP ilitoka Oktoba 2001 ikapendwa kiasi kwamba Vista, iliyofika madukani Januari 2007, ilikimbiwa na watu wengi: ilitaka kompyuta yenye nguvu zaidi na ilimhoji mtumiaji kila mara. Windows 7 ya Oktoba 2009 ikarudisha imani. Kisha ikaja Windows 8 mwaka 2012, ikaondoa kitufe cha Start ambacho watu walikizoea tangu 1995, na malalamiko yakawa mengi hata kitufe kikarudishwa mwaka uliofuata katika toleo la 8.1. Kwa hiyo anayedai kwamba kipya hushinda cha zamani kila mara ana Vista na Windows 8 za kujieleza. Naye anayedai kwamba mambo yanazidi kuharibika tu inabidi aeleze kwa nini Windows 7, anayoitukuza leo, ilikuwa mpya kuliko Vista na bado ikawa nyepesi kuitumia.

Hoja ya uzito inastahili kusikilizwa kwa makini, maana ndiyo inayowagusa wengi. Windows XP iliridhika na RAM ya MB 64. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haikubali chini ya GB 4. Ndani ya miaka 20 hitaji hilo limeongezeka mara 64. Nafasi ya diski nayo imepanda kutoka GB 1.5 hadi 64. Anayesema mifumo mipya ni mizito hasemi uongo. Lakini ongezeko hilo halikuja kwa mstari ulionyooka. Windows 7 ilitaka GB 1 ya RAM kwa toleo la biti 32 na GB 2 kwa toleo la biti 64; Windows 10, iliyokuja miaka sita baadaye, ilitoka na masharti yaleyale ya RAM. Mashine iliyoimudu ya kwanza, kwa karatasi, iliimudu ya pili. Hata hivyo watu wengi waliohama waliona kompyuta ikiganda, na wakahitimisha kwamba mfumo ndio mbovu.

Mara nyingi mkosaji alikuwa diski. Diski ngumu ya zamani ni sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa kidogo cha kusomea kikihama huku na huko kutafuta vipande vya data. Kwa kazi hiyo ya kurukaruka inaweza kufikia vipande mia moja hivi kwa sekunde. Diski ya SSD haina kinachozunguka. Inafikia maelfu kwa maelfu ya vipande katika sekunde hiyohiyo. Mifumo ya zamani iliandikwa kwa kuihurumia diski inayozunguka. Mifumo mipya hufanya kazi ndogondogo nyingi nyuma ya pazia: kupekua virusi, kupakua masasisho, kuorodhesha faili ili utafutaji uwe wa haraka. Juu ya diski ya sahani kazi hizo zinapanga foleni, na mtumiaji anaona kiduara kikizunguka tu. Ndiyo maana laptop ya mtumba ambayo mwenye nayo ameshaikatia tamaa hupata uhai mpya ikibadilishiwa diski ikawekwa SSD, bila kugusa kitu kingine. Kabla ya kuulaumu mfumo mpya au kurudi kwenye wa zamani, ni busara kuuliza umewekwa juu ya diski gani.

Uzito wa mifumo mipya pia umenunua kitu. Katika XP akaunti iliyotengenezwa wakati wa kusimika mfumo ilikuwa na mamlaka yote, hivyo programu yoyote aliyoifungua mtumiaji, ikiwemo ya mwizi, ilikuwa na mamlaka hayohayo. Ukuta wa kuzuia mashambulizi ya mtandaoni ulikuwemo lakini haukuwashwa. Ulianza kuwashwa wenyewe kwenye Service Pack 2, kifurushi cha masasisho cha Agosti 2004, mwaka mmoja baada ya kirusi cha Blaster kusambaa duniani kote. Yale maswali ya Vista yaliyowaudhi watu, ya kutaka ruhusa kabla ya programu kugusa sehemu nyeti, ndiyo yaliyokomesha desturi ya kila programu kujifanyia itakavyo. Watu walichukia usumbufu, nao ulikuwa usumbufu kweli, lakini mifumo yote iliyofuata iliurithi kwa namna ya upole zaidi.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya kila siku ni flashi. Chukua steshenari yoyote yenye kompyuta ya kuchapia: kwa siku inachomekwa flashi za wanafunzi, za wenye barua za maombi ya kazi, za makarani wa vikundi. Kwenye XP ya enzi zake ilitosha kuichomeka na kuifungua. Kompyuta ilisoma faili dogo liitwalo autorun.inf na kuendesha kilichoandikwa humo, mara nyingi bila mwenye duka kujua. Windows 7 iliondoa tabia hiyo kwa flashi, na Februari 2011 marekebisho hayo yakasambazwa pia kwa XP na Vista. Waandishi wa virusi wakabadili mbinu. Sasa flashi ikiambukizwa, folda zako zinafichwa na badala yake zinaonekana ikoni zenye majina yaleyale, kila moja na kamshale kadogo pembeni. Ukibofya, kirusi kinaingia kwanza kisha folda yako halisi inafunguka, hivyo hushtuki. Fundi mzoefu hufungua dirisha jeusi la amri na kuandika attrib ili faili zilizofichwa zionekane tena. Hapa mfumo mpya umesaidia kwa sehemu: umefunga njia ya kuingia bila hodi, ukaacha ile ambayo mtu mwenyewe anafungua.

Ushahidi mzito kuliko wote, hata hivyo, ni wa tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo programu hasidi iitwayo WannaCry ilienea katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150, ikifunga faili na kudai dola 300 za Bitcoin ili zifunguliwe. Hospitali za umma Uingereza zilivurugika, na wagonjwa maelfu wakaahirishiwa miadi yao. Mwanzoni kidole kilielekezwa kwa Windows XP. Uchunguzi ulipofanyika ikaonekana kwamba sehemu kubwa kabisa ya kompyuta zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unatunzwa rasmi. Kiraka cha kuziba tundu lililotumika kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Waliokipokea walipona na Windows 7 yao ya mwaka 2009. Ambao hawakukipokea waliumia na Windows 7 hiyohiyo. Kilichotenganisha makundi haya mawili hakikuwa umri wa mfumo. Kilikuwa matunzo.

Ukitaka jambo hilo lionekane wazi zaidi, linganisha Windows 10 na Windows 11 zenyewe. Toleo la kwanza la Windows 11, lile la 2021, kwa watumiaji wa nyumbani liliacha kupokea viraka Oktoba 2023, kwa sababu kila toleo la mfumo huo lina muda wake na mtumiaji anatarajiwa kupanda kwenda linalofuata. Windows 10 toleo la 22H2 iliendelea kupokea viraka hadi Oktoba 2025. Kwa miaka miwili, basi, mtu aliyekuwa na Windows 11 ambayo haijawahi kusasishwa alikuwa kwenye hatari kubwa kuliko jirani yake mwenye Windows 10 iliyosasishwa. Jina jipya kwenye skrini halikumsaidia kitu. Kuijua hali yako ni kazi ya nusu dakika: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, na namba ya toleo itajitokeza.

Wapo watakaouliza: kama kompyuta ilikuwa salama jana, kwa nini leo iwe hatarini wakati haijabadilika? Jibu ni kwamba wanaobadilika ni wengine. Windows 11 imejengwa juu ya msingi wa matoleo yaliyotangulia, na sehemu kubwa ya programu ya ndani ni ileile. Kila mwezi viraka vya mfumo mpya vinapotolewa, wadukuzi huvichambua, wakilinganisha kilichokuwepo na kilichobadilishwa, na kwa njia hiyo wanajua tundu lilikuwa wapi. Tundu hilo likiwamo pia katika mfumo wa zamani usiotunzwa tena, halitazibwa kamwe. Ni kama mtaa mzima umefungwa kufuli za aina moja, kisha ikatangazwa ni ufunguo gani unazifungua. Waliobadilisha wanalala, ambaye hakubadilisha yuko na kufuli lilelile, lakini si usalama uleule. Kwa hiyo mfumo ulioachwa hausimami mahali ulipoachwa. Unazidi kudhoofika kila mwezi, hata kama haujaguswa.

Pingamizi la kawaida ni la mtu asemaye kwamba hana cha kuibiwa. Hili linadhani mwizi anamtafuta yeye binafsi. WannaCry haikumtafuta mtu. Ilipita kwenye mtandao ikijaribu kila mlango. Na vitu ambavyo mtu huviona si mali vina bei kwa wengine: barua pepe inayopokea namba za kubadilishia neno la siri, picha ya kitambulisho iliyotumwa kuombea kazi, akaunti ya kijamii ambayo mtapeli anaweza kuitumia kuwaomba ndugu zako pesa kwa jina lako. Mwingine anasema ana antivairasi. Ni jambo jema, ila antivairasi hutambua programu mbaya zinazojulikana. Haizibi tundu la mfumo wenyewe, na watengenezaji wake nao huiacha mifumo ya zamani siku ikifika. Vivinjari hufanya vivyo hivyo: Google iliacha kutoa Chrome mpya kwa Windows 7 na 8.1 mwanzoni mwa 2023, na toleo la 109 likawa la mwisho. Kwenye XP hali ni mbaya zaidi, kwani kivinjari chake cha asili hakijui lugha ya usimbaji ambayo tovuti za leo zinaitumia, kwa hiyo nyingi hazifunguki kabisa.

Lipo pingamizi moja lenye haki yake. Kompyuta isiyounganishwa na mtandao wowote, inayofanya kazi moja maalumu, haihitaji kufukuzana na matoleo. Mashine ya kukata vibao vya matangazo, kipimo cha maabara au printa kongwe ambayo mtengenezaji wake hakuwahi kutoa programu ya kuiendesha kwenye mifumo mipya inaweza kuendelea na XP au Windows 7 miaka mingi, na kuibadilisha kungekuwa kupoteza pesa. Sharti ni kwamba itengwe kweli: isiingie intaneti hata kwa dakika chache za kupakua kitu, na flashi inayoingia humo iwe moja, isiyozunguka kwingine. Kompyuta ya nyumbani au ya duka mara chache hutimiza sharti hilo, kwa sababu mtu akiishiwa bando kwenye simu anaunganisha Wi-Fi ya jirani na kutafuta anachotaka.

Mifumo mipya nayo ina kasoro ambazo watetezi wake wanazipitia juujuu. Windows 11 ya nyumbani inamlazimisha mtumiaji kufungua akaunti ya Microsoft wakati wa kuisimika, inaonyesha mapendekezo ya programu asizoziomba, na inatuma taarifa za matumizi kwa mwenye mfumo. Masasisho ya kila mwezi ni mamia ya megabaiti, na kwa anayelipia intaneti kwa bando hiyo ni gharama halisi, tena inayokuja bila hodi. Kasoro hizi si sababu ya kukimbilia mfumo ulioachwa. Ni sababu ya kuufundisha adabu mfumo mpya. Kwenye mipangilio ya mtandao unaweza kuutambulisha muunganisho wako kuwa ni wa kulipia kwa kipimo, na Windows itapunguza upakuaji wa nyuma ya pazia. Kisha tenga siku moja ya mwezi, mahali penye Wi-Fi isiyo na kikomo, uache viraka viingie. Mafundi wanaozima masasisho moja kwa moja ili mteja asilalamike kuhusu bando wanampunguzia gharama ndogo na kumwachia kubwa.

Kasoro nzito zaidi ni masharti ya vifaa. Windows 11 inataka chipu ya TPM 2.0, inayotunza funguo za usimbaji mahali pa pekee, pamoja na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel orodha hiyo, ukiacha vighairi vichache, inaanzia kizazi cha nane, cha mwaka 2017. Ukisimama mbele ya meza ya laptop za mtumba zilizotoka Dubai au Ulaya, mashine mbili zinaweza kufanana kwa rangi, kioo na RAM, moja ikiwa na prosesa ya i5-7200U na nyingine i5-8250U. Tarakimu inayofuata kistari ndiyo inayotaja kizazi: ya kwanza ni ya saba na haimo kwenye orodha, ya pili ni ya nane na imo. Muuzaji anaweza kukuhakikishia kwamba zote mbili zina Windows 11, na akawa anasema kweli, kwa sababu zipo mbinu za kulikwepa sharti. Lakini Microsoft haiahidi kuzipatia masasisho mashine zilizoingizwa kwa mlango wa nyuma, na zinaweza kukwama kwenye toleo ambalo muda wake umekwisha. Mnunuzi wa namna hiyo amelipia jina.

Hapa ndipo inaposemwa kwamba kampuni inawalazimisha watu kutupa kompyuta nzima, na lawama hiyo ina msingi. Ila kuacha kutunzwa kwa Windows hakumaanishi kufa kwa mashine. Kwa Windows 10 Microsoft yenyewe ilifungua mpango wa nyongeza unaowapa watumiaji wa nyumbani viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya kampuni. Baada ya hapo kuna Linux, mfumo endeshi huria. Toleo kama Linux Mint linaanzia RAM ya GB 2, linafanya kazi vizuri kwa GB 4, halidai chipu ya TPM, na toleo lake la 22 linatunzwa hadi 2029. Unaweza kulijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu. Anayevinjari, anayeandika barua na kutazama video hatapungukiwa. Anayetegemea programu za hesabu zilizoandikwa kwa Windows pekee, kama Tally, atapungukiwa, na hati zilizopambwa sana katika Word zinaweza kubadilika mpangilio zikifunguliwa kwa LibreOffice, programu ya ofisi ya huko. Wanaodhani programu huria ni za wataalamu tu wakumbuke kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, kwa ajili ya mtumiaji wa kawaida.

Kipimo hikihiki kinafaa kwa simu, ambayo kwa wengi ndiyo kompyuta pekee. Google iliahidi miaka saba ya masasisho kwa Pixel 8 ya 2023, na Samsung ikafuata kwa Galaxy S24 mwaka uliofuata, wakati simu nyingi za bei nafuu hutunzwa kwa muda mfupi zaidi. Katika mipangilio, kwenye sehemu ya maelezo ya simu, kuna tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama. Tarehe hiyo inasema ukweli kuliko jina la Android lililoandikwa juu yake.

Matunzo yana mwisho, na mwisho huo mara nyingi hutangazwa mapema. Hivyo miaka iliyobaki ni sehemu ya bei. Laptop ya bei pungufu ambayo mfumo wake umeshaachwa inaweza kukugharimu zaidi ya ile iliyoizidi bei kidogo, ukijumlisha SSD, fundi wa kuhamisha data, au mashine nyingine baada ya mwaka. Siku utakapokwenda kununua, au fundi atakapokuuliza akupigie Windows ipi, acha kuuliza ipi ni mpya. Muulize toleo hilo litapokea viraka hadi mwaka gani kwenye mashine hii hasa, na kama hajui, itafute tarehe hiyo mwenyewe kabla hujatoa pesa.